F-Droid: duka la programu linalokutajia kasoro kabla hujapakua

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia kwa sababu ya alama moja tu ambayo nadhani wameiweka vibaya, na hapo ndipo penye utamu wa habari hii, kwa hiyo vumilia.

Nina steshenari Morogoro mjini, ya kawaida kabisa: kopi, kuprinti, picha za paspoti, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi msimu ukifika. Kwa kuwa nina waifai ya uhakika, watu huniletea na simu. Za vioo vilivyopasuka zina fundi wake hapo jirani. Mimi naletewa simu iliyorukwa na akili: inafungua matangazo yenyewe, inamaliza bando usiku mwenyewe akiwa amelala, inapiga muziki wa kamari katikati ya ibada. Mara nyingi ukichimba unakuta chanzo ni programu iliyopakuliwa kwa nia njema kabisa. Tochi. Kikokotoo. Ya kusomea PDF. Ya kurushiana mafaili.

Mwalimu mmoja mstaafu alinifikia na simu yake kaishika mbali na mwili. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii tochi, kila nikiiwasha inaniuliza kama nataka kubeti." Nikaifungua. Kioo chote kikajaa tangazo, sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma kwenye kona ya juu, na zilipoisha ikatokea alama ya kufungia, ya kijivu juu ya kijivu, kiasi kwamba kidole cha mtu mzima lazima kiguse pembeni. Ukigusa pembeni umepelekwa dukani kupakua kingine. Taa yenyewe inawaka tangazo likishakwisha. Fikiria: umeme umekatika, mtu yuko gizani anatafuta funguo, na bado anasubiri tangazo limalize. Nikamshushia lile pazia la juu la simu, nikamwonyesha kwamba tochi ilikuwemo tangu siku aliyoinunua. Akacheka, akasema basi amekuwa akiulipia mwanga wake mwenyewe kwa bando.

Kwa hiyo mimi duka la programu silipimi kwa wingi wa bidhaa. Nalipima kwa huyu mwalimu. Nikimwekea kitu leo, atakwenda nacho nyumbani kwake na sitamwona tena mpaka kiharibike. Swali langu ni moja: hicho kitu kitamfanyia nini nikiwa sipo?

F-Droid, kwa asiyeijua, ni duka la programu za Android ambalo halimo ndani ya Play Store. Unalipakua kwenye tovuti yao na kuliweka mwenyewe. Lilianzishwa mwaka 2010 na Ciaran Gultnieks huko Uingereza, na programu yake ya kwanza ilitokana na msimbo, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kwayo, wa duka jingine liitwalo Aptoide. Linaendeshwa na watu wa kujitolea na michango. Hakuna kufungua akaunti, hakuna kuweka barua pepe, hakuna kadi. Unalifungua, unatafuta, unapakua. Linapokea programu huria tu, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na leseni inaruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tena kwa kawaida halipokei faili lililokwisha kuiva kutoka kwa mtengenezaji. Wanachukua msimbo, wanaujenga kwenye mashine zao wenyewe, na programu nyingi humo zina saini ya F-Droid, si ya mtengenezaji.

Sasa tuje kwenye matangazo. Watu hudhani F-Droid imepiga matangazo marufuku. Haijapiga. Kanuni yao haisemi "usitangaze". Kinachotokea ni kwamba mitambo mikubwa ya matangazo, AdMob ya Google ikiwa mojawapo, si programu huria. Msimbo wake umefungwa. Programu yenye kipande hicho ndani haiwezi kujengwa kwao, hivyo haiingii. Sheria ya leseni ndiyo iliyofagia matangazo, na imefagia vizuri kuliko katazo lolote, kwa sababu haimhitaji mtu akae aamue tangazo gani limezidi na lipi lina staha. Msimbo ama uko wazi ama hauko wazi.

Linabaki lile tangazo la kistaarabu, lisilohitaji mtambo wa mtu. Mtengenezaji anakupa programu ya bure, halafu ndani yake anakuelekeza kununua kiongezo ambacho si huria. Au anakuwekea kitufe cha huduma ya kampuni fulani. Hapa leseni haisaidii, maana msimbo wote uko wazi. Ni maneno tu yanayokuvuta kwenda kwingine. Kwa hili F-Droid walikaa chini wakabuni alama za tahadhari. Kwenye ukurasa wa programu, kabla hujapakua, unaona sehemu inayokuambia kwamba programu hii ina mambo ambayo huenda usiyapende, kisha yanatajwa moja moja. Ina matangazo. Inafuatilia matumizi yako na kuripoti kwingine. Inatangaza viongezo visivyo huru. Inatangaza au inategemea kabisa huduma ya mtandaoni isiyo huru. Ina picha au sauti zenye leseni ya kubana. Ina tundu la usalama linalojulikana. Msimbo wake haupatikani tena. Na kwenye mipangilio unaweza kuchagua zenye alama fulani zisikutokee kabisa.

Ni kama muuza samaki anayekwambia huyu ni wa jana kabla hujauliza. Unaweza kumchukua, ila umeshajua.

Nani mwingine anafanya hivyo? Duka kubwa, yaani Play Store, nalo huandika kwamba programu ina matangazo, nakubali, lakini maneno hayo wameyabana chini ya jina, na hapohapo juu ya orodha wamekuwekea programu zilizolipiwa zitokee kwanza. F-Droid hakuna nafasi ya kulipia. Huwezi kuwapa hela wakupandishe. Hata nyota za watumiaji hakuna, wala maoni, kwa hiyo hakuna biashara ile ya kununua sifa.

Nililipenda jambo hili zaidi baada ya kijana mmoja kuja dukani kwangu na fulana ya kung'aa na karatasi za maelezo. Kampuni yake, sitaitaja, ilikuwa inatafuta watu kama mimi: wenye vibanda vya simu na steshenari. "Dada, wateja wanakuamini. Kila simu utakayoweka hii programu kwa namba yako, unaingiziwa hela jioni." Nikamuuliza ni programu ya nini. Akaanza na zawadi, akaja kwenye bonasi, akamalizia na mkopo wa papo kwa papo. Sikujua mpaka anaondoka hiyo programu inafanya kazi gani, ila nilijua inalipa shilingi ngapi kwa kila kichwa. Nilimwambia mteja wangu akiuliza nimemwekea nini, lazima niweze kumjibu kwa sentensi moja. Akaacha karatasi, nikafungia vitumbua.

Kwa hiyo mtu akinishauri kwamba jumuiya ya programu huria ingepiga marufuku kila namna ya kujitangaza, simuungi mkono. Chukua OsmAnd, ramani isiyohitaji mtandao. Kwenye Play Store toleo la bure lina kikomo cha ramani 7 za kupakua, ukitaka zaidi ulipe. Kwenye F-Droid iko ileile kwa jina la OsmAnd~, bila kikomo hicho, na ina alama ya tahadhari kwa sababu picha na mpangilio wake viko chini ya leseni isiyoruhusu biashara. Watengenezaji wale wanaishi kwa kuuza. Ukiwafukuza kwa sababu wanauza, anayepoteza ni dereva wa bodaboda anayetaka ramani ya wilaya nzima bila bando. Ukiwapokea kimyakimya, umemdanganya anayeamini kila kilichomo ni huru asilimia mia. Alama inakwepa yote mawili.

Mfano ulioniaminisha kabisa ni ule wa Simple Mobile Tools. Zilikuwa programu ndogondogo, picha, kalenda, mafaili, namba za simu, safi na nyepesi, na wengi tulizizoea. Mwishoni mwa 2023 mwenyewe aliziuza kwa kampuni iitwayo ZipoApps. Wale waliozipata kwenye duka kubwa walibaki na swali la sasisho linalofuata litaleta nini, maana sasisho huja lenyewe usiku. Kwenye F-Droid yalibaki matoleo ya zamani. Mmoja wa waliokuwa wakichangia msimbo akaunakili akaanzisha Fossify, na leo ninachoweka kwenye simu za wateja ni hizo Fossify. Ile ya picha haina hata ruhusa ya kutumia intaneti. Hebu tafakari ruhusa hiyo: programu isiyoweza kuingia mtandaoni itakuletea tangazo kutoka wapi?

Sasa nyota niliyoishikilia.

Alama ile ya huduma zisizo huru imebeba vitu viwili kwenye kapu moja: kutangaza, na kutegemea. Tazama NewPipe, programu ya kutazamia YouTube bila matangazo na bila akaunti. Duka kubwa haimo, na sababu unaikisia. F-Droid imo, na imegongwa alama hiyo, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuonyesha video za YouTube. Ni kweli, inategemea. Lakini mteja wangu akisoma "inatangaza au inategemea huduma isiyo huru" anaelewa nini? Anaelewa kuna mtu anataka kumuuzia kitu. Mwanafunzi mmoja alinirudishia simu kwa sababu hiyo, akisema, "Dada, hii nayo ina matangazo." Programu iliyotengenezwa kumkinga na matangazo imeandikwa kwa neno lilelile ambalo angeandikiwa mchuuzi.

Kutegemea ni hali ya kiufundi. Mtu anaandika programu ya kuonyesha ratiba za usafiri za mji fulani. Ratiba ziko kwenye mtambo wa kampuni ya mji ule. Atazitoa wapi kwingine? Kutangaza ni tendo. Ni mtu ameamua kuweka kitufe, rangi, maneno ya "jaribu na hii". La kwanza linanipa taarifa: siku huduma ikifungwa, programu imekufa. La pili linanipa onyo: humu kuna anayekuvuta shati. Ningekuwa na kura kwao, ningezitenganisha leo hii, moja iwe na rangi ya taarifa na nyingine rangi ya onyo. Kwa sasa zote zinakaa kwenye orodha moja kwa uzito mmoja, pamoja na ile ya tundu la usalama, ambayo ndiyo hasa ningetaka mwalimu wangu aikimbie.

Fennec ni hivyohivyo. Ni kivinjari cha Firefox kilichochambuliwa na kujengwa na F-Droid. Ukurasa wake una rundo la alama, mojawapo ikisema inatangaza viongezo visivyo huru, kwa sababu lile duka la viongezo la Mozilla, watengenezaji wa Firefox, lina mchanganyiko. Mtu mpya akiilinganisha na kivinjari kisichojulikana ambacho hakina alama hata moja, ataona Fennec ndiyo mbaya. Kumbe kaogopeshwa na ukweli mwingi. Mimi nimeshajifunza kuzisoma, ila mimi nakaa na simu za watu kutwa nzima.

Niwatendee haki: alama hizi hazipangwi chumbani. Mjadala uko wazi kwenye GitLab, tovuti wanakofanyia kazi msimbo kwa pamoja: mtu yeyote anaweza kufungua shauri kwamba programu fulani inastahili alama au imeonewa, na watengenezaji huja kujitetea hapohapo. Ukiwa na subira na Kiingereza unaweza kusoma hoja zote. Neno "Kiingereza" hapo nimeliweka kwa makusudi. Maelezo mengi ya programu humo ndani yako kwa lugha hiyo, na tahadhari isiyosomeka ni pambo tu. Kwa mteja wangu wa kawaida, msomaji wa alama ni mimi.

Kuna aina moja ya kujitangaza ambayo F-Droid hawaiwekei alama, na naona wamefanya vyema: kuomba mchango. Ukurasa wa programu una viungo vya kumchangia mtengenezaji, Liberapay, Open Collective, Bitcoin. Mtu amekupa kazi ya miezi bure, anasema ukipenda nisaidie. Hilo sio tangazo, ni bakuli la sadaka mlangoni. Unapita bila kutupa chochote na hakuna anayekukodolea. Ila bakuli hili halikutengenezwa kwa mikono yetu. Hakuna M-Pesa, hakuna Airtel Money. Kuna mteja wangu, mama wa duka la dawa za mifugo, aliipenda Fossify ya mafaili mpaka akasema atume elfu mbili ya shukrani. Tukatafuta njia. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ingewezekana, lakini kufungua kadi, kuijaza, makato, na kubadilisha fedha kwa ajili ya elfu mbili? Alicheka akasema atawaombea. Siwalaumu F-Droid peke yao, mifumo yenyewe ya michango ndiyo ilivyo. Lakini ukisema duka lako linaishi kwa michango badala ya matangazo, basi mlango wa michango ukiwa mwembamba, watengenezaji wetu wa huku watakimbilia AdMob. Wataishije?

Gharama nyingine ya ukimya ni kwamba kizuri nacho hakisikiki. Bila nyota, bila maoni, bila orodha ya zinazopendwa, ukitafuta programu ya kuandika kumbukumbu unapewa lundo na hujui ushike ipi. Ukurasa wa kwanza unakuonyesha zilizoingia au kusasishwa karibuni. Inaonekana ni haki, kila mtu zamu yake, lakini anayetoa sasisho dogo kila wiki anaonekana kila wiki, na aliyekamilisha programu yake ikatulia anazama. Sina hakika ningeweka nini badala yake. Nyota zingeleta wanunuzi wa nyota. Idadi ya waliopakua ingehitaji kuhesabu watu, na kutohesabu watu ndiyo sifa yao. Mimi nimetatua kwa karatasi niliyobandika ukutani, yenye programu zangu na kazi ya kila moja kwa sentensi moja. Naam, ni tangazo. Ila sijalipwa na mtu.

Kwenye karatasi hiyo, mbali na za Fossify, kuna VLC kwa video na muziki. Kuna AntennaPod kwa wanaosikiliza vipindi vya podikasti. Kuna Kiwix, ambayo inakuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili yote mara moja na kuisoma bila mtandao. Wanafunzi wa shule wakishaiona, hawanibanduki. Kuna Organic Maps kwa ramani. Hii inatumia data za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kama una ndugu Dar es Salaam mwonyeshe mitaa yake humo. Vichochoro vingi vya kata zinazopata mafuriko vilichorwa na wanafunzi na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015. Nilimwonyesha binti mmoja wa Tandale njia ya uani kwao, akaita mwenzake aje ashuhudie.

Kipengele kinachofaa sana mazingira yetu ni kugawana programu kwa walio karibu. Simu mbili zikiwa kwenye waifai moja, au moja ikimfungulia mwenzake hotspoti, unachagua programu ulizonazo na mwenzio anazichukua bila kutumia bando hata chembe. Asiye na F-Droid anapewa kiungo cha kufungua kwenye kivinjari aipate kutoka kwenye simu yako. Wote tunajua zile programu za kurushiana mafaili zilizojaa matangazo mpaka kitufe cha kutuma hukioni. Hii haina. Ni nzito kidogo kuelewa mara ya kwanza, na wakati mwingine simu hazionani mpaka uzime uwashe, lakini kwa chumba cha wanafunzi kumi wenye bando la mmoja, inatosha.

Ambaye anataka kuhama duka kubwa moja kwa moja, asijidanganye. WhatsApp haimo. Programu za benki na za pesa za simu hazimo. Si huria, na kanuni ni kanuni. Ninachofanya ni kuwaachia watu Play Store kwa hizo chache, na tochi na kikokotoo na vitu vya namna hiyo navihamishia huku. Hapo ndipo uchafu ulipokaa.

Masasisho huchelewa. Kwa sababu wanajenga wenyewe kutoka kwenye msimbo, toleo likitoka kwa mtengenezaji leo, kwenye F-Droid linaweza kufika baada ya siku kadhaa. Kwa programu ya picha haina neno. Kwa kivinjari chenye tundu la usalama lililotangazwa, siku kadhaa ni nyingi. Wapo wanaoongeza ghala jingine ndani ya F-Droid, IzzyOnDroid, linalochukua faili la mtengenezaji mwenyewe, hivyo ni haraka zaidi, nalo lina alama zake za tahadhari. Ila hapo umerudi kumwamini mtengenezaji kwamba alichokipakia ndicho kilichomo kwenye msimbo. Mimi kwa simu za wateja siliongezi. Kwa yangu ninalo.

Jambo la kuangalia mbele ni Google. Agosti 2025 walitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa nao zitakubali tu programu za watengenezaji waliojiandikisha kwao na kuthibitisha utambulisho, hata kama programu haitoki Play Store. Imepangwa kuanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. F-Droid walijibu mwezi uliofuata kwamba kanuni hiyo ikibaki ilivyo itakuwa mwisho wa mradi wao kama tunavyoujua, kwa kuwa hawawezi kumlazimisha kila anayejitolea akajiandikishe kwa Google. Baadaye Google walisema kutakuwa na njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali hatari. Mzoefu ni nani, na mwalimu wangu mstaafu atahesabiwa wapi? Wanasema ni kwa usalama wetu. Ile tochi ya kamari ilitoka kwenye duka lililo salama.

Ukitaka kuijaribu, ingia f-droid.org kwa kuandika anwani mwenyewe, maana ukitafuta kwa jina utaletewa na waigaji. Pakua faili, simu itakuuliza kuhusu kuruhusu kivinjari kisakinishe programu zisizojulikana. Kubali, weka, halafu rudi kwenye mipangilio uizime ruhusa hiyo kwa kivinjari na uiachie F-Droid peke yake. Mara ya kwanza itachukua muda kupakua orodha, fanya kwenye waifai. Kisha ingia mipangilio, tafuta sehemu ya alama za tahadhari. Zile za matangazo, ufuatiliaji na tundu la usalama zifiche. Ile ya huduma zisizo huru iache ionekane, vinginevyo hutaiona NewPipe.